Masi hazitoki: kutafuta chanzo na kutatua tatizo katika upasuaji wa mtoto wa jicho

Kiini kikishatoka, ndani ya kifuko cha lenzi bado kuna masi: lile tabaka laini la kijivu au jeupe, kama pamba iliyolowa, lililokizunguka kiini na kushikamana na kuta za kifuko. Kifuko kilichonusurika wakati kiini kigumu kinatolewa kinaweza kupasuka hapa kwa sababu ya kuvuta mara moja bila kuona unachokivuta. Na masi zikiachwa nyingi, jicho huwaka, presha hupanda, na ukungu hurudi kwenye mboni mapema.

Tumeandika kwa ajili ya madaktari wa macho, wanafunzi wao na wauguzi wa chumba cha upasuaji hapa Goma, na kwa wenzetu wa Bukavu na Lubumbashi. Tunazungumzia hasa upasuaji wa tuneli ndogo kwa mkono (kiini hutolewa bila mashine, kupitia mfereji mdogo kwenye ukuta wa jicho) na kanula ya Simcoe, bomba jembamba lenye njia mbili, moja ya kuingiza maji na nyingine ya kuvuta, kwa kuwa huo ndio unaomfaa mgonjwa anayeshuka kutoka Masisi au anayevuka ziwa kutoka Idjwi akiwa na mtoto wa jicho aliyekomaa kabisa. Wanaotumia fako, mashine inayovunja kiini kwa mitetemo na kukinyonya, watakuta maelezo yao njiani.

Masi zikikataa kutoka, kagua maji na tundu la kanula kabla ya kuongeza nguvu ya kuvuta. Na ikibidi kuchagua, acha masi kidogo uokoe kifuko. Masi chache zitayeyuka zenyewe kwa wiki kadhaa chini ya matone ya steroidi. Kifuko kilichopasuka hakirudi.

Jaribu vifaa juu ya meza, si ndani ya jicho

Tundika chupa ya Ringer laktati sentimita 65 hadi 70 juu ya jicho la mgonjwa, si juu ya meza. Sentimita 68 zinatoa presha ya karibu milimita 50 za zebaki, na hiyo inatosha kushikilia chumba cha mbele, ile nafasi yenye maji kati ya konea (kioo cha mbele cha jicho) na irisi (sehemu yenye rangi). Soma lebo mwenyewe: chupa ya Ringer na ya glukosi 5% zinafanana sana kwenye rafu, na glukosi si maji ya kuoshea ndani ya jicho. Ongeza adrenalini isiyo na kihifadhi, mililita 0.5 ya ile yenye miligramu 1 kwa mililita, katika mililita 500 za Ringer. Kipimo hicho husaidia mboni ibaki wazi.

Chupa ngumu, ya kioo au ya plastiki isiyojikunja, inahitaji njia ya hewa yenye kichujio. Bila njia hiyo maji huanza vizuri, kisha hupungua taratibu kadiri utupu unavyojengeka juu yake, na daktari hudhani masi za mgonjwa huyu ndizo ngumu. Mfuko laini hauhitaji hewa. Ukiutoboa unakaribisha vijidudu bure.

Kanula za Simcoe ziko za aina mbili. Katika moja maji hupita kwenye shingo ya kanula na sirinji huvuta kupitia mpira wa silikoni. Katika nyingine ni kinyume. Ukiunganisha kinyume, maji yanatokea kwenye katundu kadogo ka kuvutia, chumba hakijai, na tundu kubwa la maji ndilo linalonyonya. Kwa hiyo shika kanula hewani na ufungue maji: yatoke kwenye tundu la maji kwa mkondo usiokatika, si tone moja moja. Kisha chovya ncha kwenye kikombe cha Ringer na uvute. Sirinji ikijaa mapovu badala ya maji, kuna kiungo kinachopitisha hewa.

Sirinji ya mililita 5 inatosha. Sukuma na uvute pistoni mara kadhaa ikiwa na Ringer ndani, mpaka iteleze. Mpira mkavu wa pistoni hukwama chini ya kidole, unaongeza nguvu, kisha unaruka ghafla. Mruko huo ndio unaonyonya kifuko. Bakiza mililita moja ya maji ndani ya sirinji unapoingia jichoni, ili uweze kurudisha ulichokamata kimakosa.

Unavuta, hakuna kinachokuja

Kwanza angalia tundu liko wapi. Lina upana wa kama milimita 0.3, na halivuti masi mpaka zilizibe kabisa. Likielea katikati ya chumba linavuta maji tu. Lipeleke chini ya ukingo wa ukuta wa mbele wa kifuko, likitazama juu au pembeni, litumbukie ndani ya masi. Ndipo uvute kidogo na usubiri. Utaona masi zinajikusanya na kusogea kuelekea ncha. Subira ya sekunde mbili hapa inafanya kazi kuliko nguvu ya mkono.

Kama tundu liko mahali pake na bado hakuna kitu, huenda limejaa jeli, ile tunayoitumia kujaza na kulinda chumba. Metilselulozi 2% iliyobaki kwenye chumba baada ya kutoa kiini ni nzito, inaziba. Isafishe kwanza katikati ya chumba, kisha rudi kwenye masi. Isipokuwa jeli, toa kanula nje na uisukumie maji: ikigoma, kuna kipande cha kiini au masi zilizokauka humo tangu mgonjwa aliyetangulia. Usijaribu kuizibua ikiwa bado ndani ya jicho, maana kipande kitarukia ukuta wa nyuma.

Kanula ya kurudia kutumika inaharibika pale inapoachwa kwenye sinia hadi mwisho wa orodha. Jeli inakauka ndani ya bomba, mvuke wa otoklevu unaigandisha, na mabaki hayo yakiingia kwenye jicho linalofuata yanaweza kuleta uvimbe wa sumu ndani ya chumba cha mbele. Muuguzi aisukumie maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa, mililita 20 au zaidi kila njia, mara tu inapotoka mkononi mwa daktari, kisha hewa mpaka bomba likauke. Na kwa kuwa tumeigusa otoklevu: Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Otoklevu ndogo inayoongozwa na geji ya presha peke yake, ikisoma baa 1.05 kama kitabu kinavyosema, hapa inafika karibu nyuzi 118 tu. Ili ifike 121 geji isome takriban baa 1.2. Hakikisha vali ya usalama inaruhusu, na fuata kipimajoto kama kipo.

Chumba cha mbele kinaanguka

Konea inakunjamana, irisi inasogea mbele, na ukuta wa nyuma wa kifuko unapanda kuelekea tundu lako. Acha kuvuta papo hapo. Usichomoe kanula, achia maji yajaze.

Kisha tafuta chanzo kwa mpangilio, ukianza na kilicho rahisi. Chupa imekwisha? Mpira umekunjwa chini ya kiwiko cha mtu au chini ya shuka? Njia ya hewa imelowa na kuziba? Baada ya hapo angalia jeraha. Tuneli iliyoingia chumbani mapema mno, bila mfuniko wa konea wa kutosha, inavuja kila unapoinua kanula. Mpini ukiukandamiza upande mmoja, mdomo wa tuneli unafunguka na maji yanakimbia. Shika kanula katikati ya tuneli, ielee bila kuinua paa wala kubonyeza sakafu. Kama jeraha linavuja hata hivyo, shona uzi mmoja wa 10-0 upande mmoja wa mdomo na uendelee kupitia nafasi iliyobaki, au ufunge kabisa na uhamie kwenye milango ya pembeni.

Maji yakiwa sawa na jeraha likiwa sawa, presha inatoka nyuma. Kibanio cha kope kinabonyeza jicho; mgonjwa anabana pumzi au anakohoa; dawa ya ganzi nyuma ya jicho ilikuwa nyingi; kibofu kimejaa. Legeza kibanio, mwambie mgonjwa apumue taratibu, inua kichwa cha meza kidogo. Lakini jicho likigeuka gumu ghafla, wekundu wa retina ukapotea na mgonjwa akalalamika maumivu, hilo si jambo la masi tena: fikiria damu inayovuja nyuma ya retina, funga jeraha mara moja, na usifungue kwa sababu yoyote.

Kwa fako, tumia mvuto wa milimita 400 hadi 500 za zebaki na mtiririko wa mililita 25 hadi 30 kwa dakika kwenye pampu ya peristaltiki. Kwa kusugua vumbi lililobaki kwenye ukuta wa nyuma, shusha mvuto chini ya 30. Kusahau kubadilisha mpangilio kati ya hatua hizi mbili ni kosa la kawaida mno kuliachia kumbukumbu ya mtu mmoja. Muuguzi wa mashine aseme namba kwa sauti kabla ya kanyagio kukanyagwa.

Masi zinakatika nyuzi nyuzi

Chanzo karibu kila mara ni kukamata katikati. Ukinyonya masi zilizolala juu ya ukuta wa nyuma, unakata vipande vidogo na mizizi inabaki kwenye kona ya kifuko, chini ya irisi, usipopaona. Kamata mbele: ncha iende chini ya ukingo wa ukuta wa mbele, ishike masi za juu, kisha izilete katikati ya mboni kwa mwendo wa polepole. Masi zinabanduka kama kabari moja kutoka ukuta wa mbele, kona, hadi ukuta wa nyuma. Nguvu ya kuvuta iongezwe ncha inapofika katikati ya mboni, unapoiona vizuri, si ikiwa bado kwenye kona.

Anza upande wa 6 wa uso wa saa, ambako kanula inafika bila shida, upime zinavyoshikamana. Halafu, kwa maoni yetu, nenda kwenye zile za chini ya jeraha wakati masi za pembeni bado zimekitanua kifuko. Wengi huziacha za mwisho, na hapo wanazitafuta ndani ya kifuko kilicholegea.

Kama ukuta wa mbele ulifunguliwa kwa kutobolewa tobolewa kuzunguka, kutakuwa na vipande vya ukingo vinavyoning'inia. Kipande cha kifuko kinang'aa, kingo zake zinajikunja, na kinakuja bila kutanuka; masi ni za kijivu na zinavimba kadiri zinavyosogea. Ukivuta kipande cha kifuko, mpasuko unakimbia hadi kwenye kona na pengine nyuma. Una shaka? Rudisha maji kwa sirinji, kiachie, utazame tena.

Masi za chini ya jeraha

Hapa ndipo panapotoa jasho. Kanula inaingia upande wa 12, na masi za upande huohuo ziko nyuma ya ncha, zimejificha chini ya irisi. Ukiinua mpini ili ncha irudi nyuma, tuneli inafunguka, chumba kinaanguka, na ukuta wa nyuma unapanda kukutana na tundu.

Tatizo hili huzuiwa mapema, wakati wa kutenganisha lenzi kwa maji. Mwaka 1992 daktari wa macho Howard Fine alieleza namna ya kuinua ukingo wa ukuta wa mbele kwa kanula na kupitisha maji moja kwa moja kati ya kifuko na masi, badala ya kuyapitisha ndani ya masi zenyewe. Wimbi likipita vizuri, masi nyingi hutoka pamoja na kiini. Tumia kanula ya geji 26 au 27, inua ukingo kidogo, sukuma taratibu, na urudie upande wa pili. Mtoto wa jicho aliyeanzia katikati ya ukuta wa nyuma hafanyiwi hivyo, kwa sababu ukuta wake unaweza kuwa dhaifu au tayari una tundu. Kwake tenganisha kiini na epinukleo (tabaka linalokizunguka kiini) tu.

Wimbi lisipopita, zipo njia, na tunazipanga kwa namna tunavyoziamini. Ya kwanza ni mlango wa pembeni. Ufungue wa milimita 1 hadi 1.2 upande wa 9 au wa 3, upitishe Simcoe hapo: sasa masi za 12 ziko ubavuni mwa ncha na si nyuma yake, na tuneli imejifunga yenyewe. Ukiwa na kanula mbili, moja ya maji na nyingine ya kuvuta, weka milango miwili inayokabiliana na uzibadilishane mkono. Hakuna masi zisizofikika kwa njia hiyo, na chumba hutulia kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Ya pili ni kanula ya geji 27 iliyopinda kama herufi J, yenye sirinji ya mililita 2. Jaza chumba kwa jeli kwanza, funga maji. Ingiza J ikiwa imelala kwa ubavu, igeuze ikiwa ndani, peleka ncha chini ya ukingo wa ukuta wa mbele na uvute kidogo sana. Zikishika, zilete katikati uziachie hapo. Usijaribu kuzimaliza kwa kanula hiyo nyembamba. Simcoe itazizoa. Wakati wa kutoka ilaze tena, la sivyo ndoano itaondoka na ukingo wa kifuko au irisi.

Unaweza pia kusugua juu ya limbasi (mpaka kati ya konea na weupe wa jicho) upande wa 12 kwa kanula butu, ukiisukuma irisi kwa nje polepole: masi zilizolegea hushuka mbonini. Na mwisho kabisa, weka implanti (lenzi bandia) ndani ya kifuko na uizungushe mara moja au mbili. Mikono ya implanti inabandua masi kwenye kona, na implanti yenyewe inausukuma ukuta wa nyuma mbali na tundu. Kwa mikono isiyozoea bado, njia hii ni salama kuliko kuhangaika dakika kumi na kifuko kitupu. Sharti lake ni nyuzi za kifuko ziwe imara na ukuta wa nyuma uwe mzima.

Mboni inasinyaa

Irisi iliyoguswa guswa hutoa prostaglandini, na mboni hufunga. Matone ya ketorolaki au diklofenaki kabla ya upasuaji, pamoja na tropikamidi na fenilefrini, hupunguza hali hiyo, lakini si tiba ya mkono mzito. Ikianza kusinyaa: hakikisha adrenalini iliwekwa kweli, tanua kwa jeli, na kama bado huoni ukingo wa ukuta wa mbele, weka ndoano za irisi. Kuvuta bila kuona chini ya irisi tunakukataza waziwazi.

Mistari inayosambaa kutoka kwenye ncha

Ukiona mistari myembamba inaanza kwenye ncha ya kanula na kusambaa kama miale juu ya ukuta wa nyuma, umekamata kifuko. Mkono usisogee hata kidogo, si mbele, si nyuma. Sukuma sirinji kidogo ili maji yarudi, mistari ipotee, ndipo uondoe ncha. Kwa fako, kanyagio cha kurudisha maji kinafanya kazi hiyo. Kinachopasua kifuko si kule kukamatwa bali kuvutwa kikiwa kimekamatwa, na ukiacha kwa wakati kifuko kitabaki kizima. Ikijirudia, tundu linatazama chini, au ncha ina mkwaruzo. Pitisha ncha juu ya kitambaa chembamba cha glavu chini ya hadubini: ikikwama, itupe.

Kona ya kifuko inafuata masi

Kifuko kizima kinasogea unapovuta, kona yake inaonekana ndani ya mboni, au irisi inatikisika. Nyuzi zinazoshikilia kifuko zimelegea: jicho liliwahi kupigwa, au lina unga mweupe wa eksifolieshoni kwenye ukingo wa mboni, au mtoto wa jicho alikomaa hadi kulainika na kuzama. Usivute tena kuelekea katikati. Vuta kwa mwendo wa kuzunguka, sambamba na ukingo wa kifuko, ili mzigo ugawanywe kwenye nyuzi nyingi. Pete ya kutanua kifuko husaidia, ila ukiiweka mapema inabana masi kwenye kona na kuzitoa kunakuwa kazi mara mbili. Kama kifuko kinavumilia, safisha kwanza uwezavyo. Jaza jeli, funga maji, vuta kwa kanula ya geji 26 na sirinji ndogo. Na hapa ridhika mapema.

Kifuko kimepasuka na masi bado zimo

Dalili huja kabla hujauona mpasuko. Chumba kinakuwa kirefu ghafla. Masi zilizokuwa zinakuja zinasimama, au zinarudi nyuma. Tundu linaziba na kitu usichokiona, kwa sababu vitreo, ule ute unaojaza sehemu ya nyuma ya jicho, ni angavu.

Silika inasema chomoa. Usichomoe. Ukichomoa, chumba kinaanguka, vitreo inasukumwa mbele, na mpasuko wa milimita 2 unakuwa wa nusu ya kifuko. Acha kuvuta, acha kanula ilipo, msaidizi ashushe chupa. Kwa mkono wa pili ingiza jeli kupitia mlango wa pembeni, juu ya mpasuko, mpaka chumba kijae. Sasa funga maji utoe kanula.

Gusa mdomo wa jeraha kwa sponji ndogo. Ukiinua na mboni ikavutwa kuelekea jeraha, vitreo imefika huko. Triamsinoloni isiyo na kihifadhi, ya miligramu 40 kwa mililita, ikiyeyushwa mara kumi, huipaka weupe na kuionyesha. Kikata vitreo kiingie kwa mlango mmoja wa pembeni na maji yaingie kwa mwingine, chupa ikiwa chini. Maji yakitoka kwenye ncha ileile ya kikata, yanapanua mpasuko. Tumia kasi ya juu kabisa ya kukata na mvuto wa wastani. Vitreo iondolewe kwanza, kikata kikianza kukata kabla ya kuvuta. Kwa masi geuza: vuta kwanza, kata pale zinapoziba. Pasipo kikata, bado kuna sponji na mkasi wa Vannas: inua kidogo, kata kwenye usawa wa jeraha, rudia, bila kuvuta. Retina iko upande wa pili wa nyuzi hizo.

Masi zilizobaki ziondolewe chini ya jeli, maji yakiwa yamefungwa, kwa kanula nyembamba. Anza mbali na mpasuko na uvute kuelekea kwake, kamwe si kutoka kwake, ili kingo zisitanuliwe. Zilizo jirani na mpasuko ziwe za mwisho, au zibaki. Kipande cha kiini kikizama kwenye vitreo, usikifukuze kwa maji wala kwa kijiko. Safisha mbele, funga, na mpeleke mgonjwa kwa daktari wa retina.

Ukuta wa mbele ukiwa na ukingo mzima, implanti inakaa juu yake, kwenye sulkasi (nafasi kati ya irisi na kifuko): ya vipande vitatu, au ya PMMA (plastiki ngumu) yenye kipenyo kikubwa, ukipunguza nguvu yake kwa dayopta 0.5 hadi 1. Implanti ya akriliki ya kipande kimoja, ile inayokunjwa, haiwekwi sulkasi. Mikono yake minene inasugua irisi na kuleta damu na presha. Ukingo usipotosha, mwache mgonjwa bila implanti kwa sasa.

Doa lisilotoka

Kwenye mtoto wa jicho aliyekaa miaka mingi, ukuta wa nyuma mara nyingi una bamba jeupe lililoshikana nao. Si masi. Halitanuki, halisogei, na maji hayalilegezi. Pitisha ncha iliyochovywa Ringer mara moja au mbili kwa wepesi, likibaki, liache. Leza ya YAG italifungua baadaye.

Umeme umekatika

Ukiwa na Simcoe, maji yanaendelea kwa uzito wake. Kilichopotea ni mwanga. Acha kuvuta, tuliza mkono, msaidizi amulike kwa tochi ya kichwani iliyokuwa imening'inizwa tayari kwenye nguzo ya hadubini, ujaze jeli na utoke. Ukiwa na fako, kibano cha maji kwa kawaida hujifunga mashine inapozimika, na chumba huanguka mara moja. Jeli kwa mlango wa pembeni iwe kitu cha kwanza. Betri ya akiba ibebe hadubini kabla ya kitu kingine chochote.

Asubuhi iliyofuata na siku zinazofuata

Mchunguze kila mgonjwa mboni ikiwa imetanuliwa kabla hajaondoka, hasa anayerudi Walikale au Kalehe ambako hutamwona tena kwa urahisi. Masi chache za pembeni zisizofika katikati ya mboni hazihitaji kitu zaidi ya steroidi.

Presha iliyopanda usiku wa kwanza, konea ikiwa na ukungu na chumba kikiwa hakina dalili za uvimbe, mara nyingi ni jeli iliyosahaulika nyuma ya implanti. Toa maji kidogo kupitia mlango wa pembeni baada ya povidoni-ayodini 5%, mpe matone ya timololi, na asetazolamidi miligramu 250 mara nne kwa siku kama hakuna kizuizi cha figo au mzio wa salfa.

Konea iliyovimba nzima, kutoka limbasi hadi limbasi, ndani ya saa 12 hadi 48, maumivu yakiwa madogo, inaelekeza kwenye sumu: kanula chafu, dawa iliyochanganywa vibaya, mabaki ya sabuni. Angalia wagonjwa wengine wa siku hiyohiyo. Wakiwa zaidi ya mmoja, simamisha orodha mpaka chanzo kijulikane.

Masi zilizobaki nyingi zinavimba na kuonekana kama mawingu meupe mbonini, chumba kina seli za uvimbe, na jicho linatulia kwa prednisoloni 1% kila saa moja au mbili pamoja na dawa ya kutanua mboni. Kinachotisha ni jicho lililokuwa zuri, halafu kati ya siku ya pili na ya saba likaanza kuuma, kuona kukashuka, usaha ukaonekana chini ya chumba na vitreo ikawa na ukungu. Hapo usijifariji kwamba ni masi; fikiria maambukizi ndani ya jicho. Chukua sampuli, choma ndani ya vitreo vankomaisini miligramu 1 katika mililita 0.1 na seftazidimu miligramu 2.25 katika mililita 0.1, kwa sirinji mbili tofauti, siku hiyohiyo. Kinga yake ilikuwa sefuroksimu miligramu 1 katika mililita 0.1 ndani ya chumba mwishoni mwa upasuaji, ambayo utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha inapunguza sana maambukizi haya.

Konea ikivimba upande wa chini tu, wiki kadhaa baada ya upasuaji, na sehemu ya juu ikiwa angavu, tafuta kipande cha kiini kilichojificha kwenye pembe ya chumba. Kitazame kwa goniolenzi (lenzi ya kutazamia pembe hiyo) upande wa 6. Kipande cha kiini hakiyeyuki upesi kama masi, na kinasugua seli za konea kila mgonjwa anapoinama. Kitolewe.

Kurudi kuosha kunahitajika pia masi zinapoziba katikati ya mboni, presha inapokataa dawa, au uvimbe unapozidi licha ya steroidi. Fanya ndani ya siku chache za kwanza, wakati tuneli bado inafunguka kwa kanula butu bila kisu. Ingia na jeli kwanza, pita kwa milango ya pembeni, vuta zilizolegea tu, na uinue ukingo wa implanti kidogo kutazama nyuma yake kabla ya kufunga. Masi zilizovimba kwa siku mbili tatu hubanduka kwa urahisi kuliko zilivyokuwa mezani siku ya kwanza.